Mtihani Niliouharibu Kusudi

Mjukuu wangu karudi kutoka Katumba kwa mjomba wake, nguo zinanuka tumbaku mpaka nyumba nzima imejaa. Hata hajakaa, kaanza tena: "Bibi, chuo cha uuguzi wanachukua wachache. Kidato cha tatu nilianguka. Watanichagua kweli?" Wiki nzima maneno ni hayo hayo, na fomu hajaigusa!

Mimi harufu ile inanirudisha darasa la saba. Darasa la sita nilikuwa karibu wa mwisho, maana msimu wote nilishinda kwenye bani la kukaushia tumbaku, nafunga majani kwenye vijiti, vidole vyeusi kwa utomvu. Na utomvu ule sabuni haiuwezi, unausugua kwa nyanya mbichi, na nyanya zenyewe mama alikuwa anazihesabu... haya, tuyaache. Mwalimu akaja nyumbani. "Mzee, huyu mwaka huu kaamka. Anaweza kuchaguliwa sekondari."

Baba alimshukuru tu. Asubuhi ya mtihani ndipo akaniambia, "Wewe andika ovyo. Ukichaguliwa, tumbaku nitafunga na nani?"

Nikaandika ovyo. Hesabu ninazozijua nilizikosea moja moja, kwa mwandiko mzuri. Ya mwisho tu ilinishinda kuikosea.

"Bibi, unanisikia? Watanichagua?"

"Mimi nitajuaje, mtoto wewe! Kalamu hiyo hapo. Jaza nikiona, tena jaza sawasawa."