Wanafunzi wa Ulaya walinitengenezea kiti cha magurudumu, nikapoteza shamba langu la karanga

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, kama bado mmebaki.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Mashahidi wengi wamelala makaburini kwetu Ushirombo, kwa hiyo mtaniamini au mtaacha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa binti mkubwa. Polio ilinipiga utotoni, miguu ikasinyaa. Nilikuwa natambaa, magotini nimefunga vipande vya tairi, mikononi nimevaa katambuga, vile viatu vya matairi.

Msinionee huruma hapo, bado hatujafika.

Nilikuwa nalima. Baba alinikatia shamba la karanga nyuma ya mji wetu. Palizi ya karanga inataka mtu wa kuinama, na mimi nilikuwa chini tayari! Wanawake walinihesabu kwenye kulima kwa zamu. Nikienda kwao, nao wanakuja kwangu. Nilikuwa mtu kati ya watu.

Basi wakaja wanafunzi kutoka Ulaya, wakafikia misheni. Kazi yao ya chuo ilikuwa kudizaini vifaa vya kutembelea kwa walemavu wa huku. Vijana wazuri, sina neno nao. Wakanipima mikono, mgongo, mapaja, wakachora.

Dada mmoja wao akachuchumaa mbele yangu. Katekista wa misheni akatafsiri, "Anauliza, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilitaka kinga nzuri za magoti na kitu cha kukokotea maji. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

Lakini baba alikuwa amekaa pale, na alishajibu: "Huyu anataka kuinuka, akae juu kama watu."

Kwetu binti haongezi neno juu ya neno la baba mbele ya wageni. Nikasema, "Kama alivyosema baba."

Yule dada akaandika, akatabasamu.

Kiangazi kilichofuata kiti kikaletwa misheni. Kizuri, kinang'aa. Nilipokalishwa baba alilia, na sikuwahi kumwona akilia.

Tangu hapo kutambaa kukawa mwiko. "Wageni wamekuinua, wewe unarudi vumbini? Waseme hatuna shukrani?" Vile vipande vyangu vya tairi baba akavitupa chooni.

Kiti kilikuwa cha lami wakuu, na kwetu ni mbuga, udongo mweusi wa kunata. Mvua ikinyesha magurudumu yanazama. Nikawa wa kukaa barazani. Mafiga yako chini, mimi niko juu. Jembe halifiki. Wenzangu wanapita asubuhi kwenda shamba, wananitania kwa salamu ya asubuhi ya kwetu, "Mwangaluka, bosi!" Nacheka nao, halafu wakishapita nalia.

Kwenye zamu wakaniondoa, maana nisingeweza kuwalipa kwa kulima kwao. Karanga zikamezwa na majani. Baba akampa kaka shamba, akaniambia, "Wewe sasa umepumzika."

Gurudumu moja likavunjika. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, sembuse beringi ya Ulaya. Nikafurahi jamani! Nikashuka chini, nikaelekea shambani.

Magoti yalikuwa yamelainika kama ya mtoto mchanga. Yalichubuka kabla sijavuka ua. Kidonda kikaoza, nusura mguu ukatwe. Sijalima tena mpaka leo.

Siku moja yule dada akarudi kutazama kazi yao. Baba aliposikia gari, akaamuru nipandishwe kwenye kiti haraka, na pale pasipo gurudumu wakaweka matofali, wakayafunika kwa kanga. Yule dada akanipiga picha. Akauliza kama nina furaha.

Baba akajibu, ana furaha sana.

Kisha wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Kama alivyosema baba."

Nimesikia picha ile ilibandikwa chuoni kwao. Baba alifariki akijua alinitendea wema, na sikuwa na moyo wa kumwambia. Simchukii. Ila nikisikia harufu ya karanga mbichi, huwa naomba nihamishwe chumba.

Funzo langu ni dogo: ukitaka kumsaidia mtu, muulize akiwa peke yake, halafu umuulize tena.

Wakuu wenye ndugu mlemavu nyumbani, hebu niambieni hapa chini: mara ya mwisho mlipomuuliza anataka nini, nani alikuwa amekaa pembeni?