Moto Uliokatazwa Kuzimika

Nilipokuwa mtoto, niliona nyumba ikitaka kumeza watu. Niliona mimi, kwa macho haya mawili, nikiwa juu ya mti wa avokado, na mtu yeyote hapa Ikonge akikusimulia habari hii bila kunitaja, ujue aliisikia kwangu.

Kaka yangu Nyakundi alikuwa ametoka kutahiriwa pamoja na Onsongo, mtoto wa jirani. Kwetu Wagusii, vijana wakitoka kwa kisu hukaa kwenye kibanda chao mpaka wapone, na mle ndani huwashwa moto ambao hauruhusiwi kuzimika. Ukizimika, wazee husema, uzao wa kijana nao umezimika. Hataitwa baba na mtu. Wazazi nao hawaingii humo. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi.

Kibanda chenyewe baba alikijenga kama mtu anayekimbizwa. Desemba imefika, chai inangoja kuchumwa, nyasi za kuezekea hazitoshi. Akaezeka hivyo hivyo. Ungelala chali mle ndani ukachagua nyota unayoitaka. Nyanya, mama yake baba, alilitazama lile paa, akamwita binamu yetu Ombati, aliyewekwa kuwatunza wale vijana.

"Ombati, moto huu hula kuni peke yake. Ukiulisha kitu kingine, utakula waliomo."

"Kumbe hata moto huchagua chakula, Nyanya?"

"Cheka tu. Meno bado unayo."

Alasiri moja mvua ya mawe ikaja. Ilinipiga kichwani kule mtini na sikushuka. Mimi si wa kushuka. Paa likavuja palepale juu ya moto, kama maji yametumwa. Nikamsikia Ombati akipuliza, akikohoa, akitukana. Kisha sauti ya Nyakundi: "Moto unakufa! Ombati, unakufa!" Kidonda hakukililia hata siku moja. Siku hiyo alilia kwa ajili ya watoto ambao hajawazaa.

Ombati akashika jerikani ya mafuta ya taa, akamimina.

Kishindo! Moto ulitoka mlangoni ukiwa mrefu kuliko mtu. Baba alifika na shoka. Baba yake Onsongo akamshika shati.

"Usiingie! Huyo ni mwanao!"

"Ndiyo maana!"

Shati likabaki mkononi mwa jirani. Baba akaukata ukuta wa nyuma, udongo na fito, na pigo la mwisho likapasua bega la Nyakundi aliyekuwa amejibana upande wa pili. Akamvuta kwa bega hilohilo, damu ikimrukia usoni. Akamvuta na Onsongo, nywele zikiwaka. Ombati alitoka mwisho, paa likianguka nyuma yake, na baba yake Onsongo akampokea kwa rungu. Alivunjwa mkono kabla mgongo haujaacha kufuka moshi.

"Si mlisema usizimike!" akalia pale matopeni. "Si ninyi mlisema!"

Mvua ikamaliza kazi yake na pakabaki moshi tu. Nyakundi, bega limefunguka, akaanza kutambaa kurudi majivuni. Ilibidi baba amkalie. Hapo Nyanya akaingia peku katika yale majivu, akachimba kwa kigae, akatoka na kaa moja jekundu kama jicho la jogoo. Akalifunika mle kigaeni kwa jani la mgomba, akalipeleka jikoni kwake. Jioni moto ulikuwa unawaka.

Kwa muda mrefu nilidhani imani ile ilitaka kuniulia kaka. Sasa sina hakika. Alipokuwa mtu mzima alikataa kuoa, akakataa tena, mpaka siku moja akaniuliza tukichuma chai, hanitazami: "Wewe ulikuwa juu ya ule mti. Lile kaa ulilionaje?"

"Jekundu," nikamwambia. "Jekundu kama jicho la jogoo."

Mwaka huo akaoa, na leo watoto wake wananivunjia miche ya chai nikiwafukuza bure.

Mengine yote niliyaona, naapa. Lakini Nyanya alipopita chini yangu, kigae kilikuwa kimeshafunikwa, na jani halikutoa hata moshi. Wekundu ule niliutia mimi.