Wale Wawili wa Njiani

Katoni ya vifaranga haina uzito wa maana. Wamo mia moja na wawili, wametoka kwenye yai jana, na ukiibeba utadhani umembeba paka mnene. Lakini ni mzigo unaohamahama. Uinamishe kidogo kushoto, wote mbio kushoto. Utawasikia kwenye viganja vyako kabla hujawasikia masikioni.

Mwanamke ninayekusimulia habari zake alizibeba katoni hizo miaka ishirini na sita, kila Alhamisi, katika chumba cha vifurushi cha posta. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na aliongea na vifaranga kama watu wanavyoongea na watoto wa jirani.

Sasa, kwa nini mia moja na wawili? Mia ni wa mteja. Wawili ni nyongeza. Wenye mashine za kutotolea wanajua safari lazima itakula, basi huitilia riziki yake mapema. Pale posta waliitwa "wale wawili wa njiani", na wakikutwa wamelala chali pembeni mwa katoni, hakuna aliyeuliza. Wamo kwenye hesabu.

Siku moja alimweleza jambo hilo mdogo wake, fundi cherehani. Waliishi pamoja tangu wote walipofiwa na waume zao. Mdogo mtu akakata uzi kwa meno, akasema, "Na wenyewe wanajua, dada, kama ndio wao?"

"Wewe nawe! Kifaranga ajue nini?"

"Nauliza tu. Usinipige."

Kazini walimpa jina la Sikio. Kanuni haimruhusu karani kufungua mzigo wa mtu. Katoni ina lakiri ya karatasi, na wa kuivunja ni mwenye mali peke yake, pale kaunta, karani akitazama, wahesabu pamoja. Basi yeye, asiyeruhusiwa kutazama, alisikiliza. Aliweka sikio kwenye yale matundu ya pembeni. Wakilia kwa sauti kali, alijua wana baridi au wana joto, akawatafutia mahali. Wakinyamaza, wamelala. Kila karani mgeni alimfundisha hivyo hivyo: "Anayelia ndiye mwenye shida. Aliyenyamaza mwache alale."

Na kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kweli. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii.

Alhamisi yenyewe jua lilikuwa kali, na lori lililotakiwa kufika saa mbili asubuhi lilifika saa saba mchana. Dereva wake aliitwa Breki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akizitumia.

"Sikio! Njoo uchukue watoto wako. Wameniimbia njia nzima mpaka nimezima redio."

"Umechelewa, baba."

"Si mimi, ni huyu bibi kizee," akalipiga lori kofi mlangoni. "Alitaka maji kila baada ya kilima."

Zilikuwa katoni nne. Alizipokea moja moja kifuani, na ya nne ilipomwegemea alisikia wakikimbilia kushoto, wote, kama kawaida. Likumbuke hilo, yeye alilikumbuka.

Rafu ya dirishani inachukua katoni tatu tu. Akasikiliza. Tatu zilikuwa zikipiga kelele, akazipeleka kwenye upepo. Ya nne kimya. "Hawa ndio waliolelewa vizuri," akasema, akaigonga mgongoni kwa upole, akaisukuma kwenye rafu ya chini. Yakaletwa magunia ya magazeti. Akayaegemeza hapo hapo, kwa sababu hapakuwa na pengine. Matundu ya pembeni yakazibwa. Kisha wateja wakajaa kaunta.

Saa kumi akaja mwenye katoni ya nne, mwalimu mstaafu, shati limepigwa pasi kama anakwenda kumposea mwanawe. Banda lilikuwa tayari, maji yamewekwa, taa ya joto imewaka tangu asubuhi.

"Habari za watoto wangu?"

"Watulivu, mwalimu. Wenye adabu kuliko wote."

Mwalimu akakata lakiri kwa kisu chake kidogo.

Walikuwa wamerundikana upande mmoja, ule wenye matundu, wa juu wamewakanyaga wa chini, na vidomo vya walio karibu vilikuwa bado vimechomoza kwenye matundu kama mbegu. Mmoja aliinua kichwa. Sikio akamtia kiganjani, akampulizia, akamwita kwa ulimi. Kifaranga akakaa kiganjani kwa muda wa kupiga mihuri mitatu hivi, kisha akalegea.

Mwalimu hakugomba. Afadhali angegomba. Alifunga kisu chake, akauliza taratibu, "Sikio, nao hawakulia?"

"Hawakulia, mwalimu."

"Basi kimya hicho ndicho kilikuwa kilio chao."

Vifo hivyo vina fomu yake. Mwishoni pana swali: mzigo umeharibikia wapi? Kwa mtumaji, njiani, au ofisini. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri na akimheshimu kweli kweli, alifunga mlango akamsogezea kalamu.

"Andika njiani, mama. Lori limechelewa saa tano, nani atabisha?"

"Breki ana barua mbili za onyo tayari. Ya tatu ni kufukuzwa."

"Na wewe una miezi mitano ustaafu. Ya tatu ni yake, si yako."

"Walikuwa hai nilipowapokea. Walikimbia kushoto."

"Nani aliwaona?"

"Mikono hii."

Mkuu akasugua macho. "Mama, mikono haitoi ushahidi."

Alikaa na fomu ile mpaka chai ya mkuu ikapoa. Alimfikiria Breki na utani wake. Alifikiria sherehe ya kuagwa, saa ya ukutani ambayo wastaafu wote hupewa. Kisha akaandika *ofisini*, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala: *Nilisikiliza. Sikuhamisha magunia.*

Breki akabaki na lori lake. Yeye akahamishiwa dirisha la stempu, chumba cha pili, ukuta mmoja katikati. Vifaranga akapewa karani mwenye miwani, mwanafunzi wake mwenyewe.

Alhamisi zikaendelea kuja. Kupitia ukutani aliwasikia wakilia, na kilio kile kikawa ndiyo raha yake ya wiki. Mpaka ile moja aliyokuwa akimpimia mtu barua, akagundua kuwa hasikii kitu. Akagonga ukuta kwa mpini wa muhuri.

"Wamelala, mama!" karani akaitika upande wa pili. "Si ulitufundisha mwenyewe?"

Akaacha mtu na barua yake, akazunguka, akaingia, akavunja lakiri kwa ufunguo wa nyumbani.

Walikuwa wamelala. Mwanga ukawaamsha, wakapiga kelele chumba kizima. Pembeni, chali, walikuwepo wawili.

"Ona sasa, lakiri ya mtu umeivunja bure," karani akasema, akitafuta gundi kabla mkuu hajatokea. "Hao ni wale wawili wa njiani. Wamo kwenye hesabu."

Barua ya onyo ilimfikia kabla ya saa ya kutoka, ya kwanza maishani mwake. Aliikunja akaitia mkobani. Ndani ya bahasha iliyokuja nayo aliwatia wale wawili, akaenda nao nyumbani.

Mdogo wake aliitazama bahasha, akaichungulia. Aliondoka kwenye cherehani, akaenda uani kutafuta jembe.