Pateni ya Zornitsa

Nedyalka hajawahi kununua karatasi ya pateni, ile ya kuchorea vipande vya nguo kabla ya kukata kitambaa, na kijijini kwetu aliyemcheka kwa hilo ni mimi peke yangu, jirani yake. Miaka arobaini ya ushonaji amekatia alichokikuta nyumbani. Gazeti aliliacha lilipolichafua gauni la bibi harusi kwa wino. Karatasi ya kuokea ilimfaa kwa kola, na masalio ya karatasi za ukutani alikatia makoti. Pateni zetu sote zimetundikwa misumarini, kila moja na jina lake. Wenyewe wengi wako mjini Sofia, Uhispania, au makaburini.

Mwaka huu alivumbua mpya. Huku kwetu matangazo ya kumbukumbu ya marehemu hubandikwa milangoni kila mwaka, picha na jina, wapita njia wasome. Mpiga chapa hatoi chini ya nakala hamsini. Mumewe, Kosyo, alikuwa anatimiza miaka kumi kaburini, na milango yenye wasomaji imebaki saba. Nakala zilizosalia Nedyalka aliziunga kwa uji wa unga, akazipiga pasi, likatoka shuka zima la karatasi, Kosyo kila mahali.

"Shoga, utamkata mumeo usoni?" nilimuuliza.

"Ametulia kuliko alipokuwa hai. Hatasema kitu."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Karatasi ile ilikuwa ya gauni la Zornitsa, bintiye wa pekee aliyeko Uhispania, aliyeahidi kuja kwenye kumbukumbu ya baba yake. Miaka sita hajakanyaga hapa. Pateni yake ya zamani ipo msumarini, lakini Nedyalka hakuigusa. Alitaka kumpima upya kwa mikono yake mwenyewe. Tangu Jumatatu kitambaa kilikuwa mezani, na futi ya kupimia shingoni mwake.

Alhamisi, tukichemsha ngano ya kugawia watu kwenye kumbukumbu ya marehemu, simu ikalia. Zornitsa hakusema kwamba haji.

"Mama, nimejipima mwenyewe. Andika."

Nedyalka akaandika kifua, kiuno na nyonga nyuma ya tangazo la Kosyo, akamshukuru, akaiweka simu chini. Mtu anayekuja hatumi vipimo. Alilijua hilo, nami nililijua, na liliniuma.

"Simama nikupime," akaniambia.

Nikamkumbusha kuwa vipimo vya bintiye anavyo, na kwamba mimi na Zornitsa ni pipa na chupa.

"Simama tu, Dimka."

Nikasimama. Akanizungushia futi kiunoni, mikono yote miwili, akalaza kichwa begani kwangu. Namba hakuisoma. Ngano ilianza kuungua jikoni, na sikusogea.