Viroboto wa Baharini Nyumbani kwa Mama

Mama alipovunjika mguu akikata majani ya ng'ombe, nilikuwa Tanga nikifuga wanyama wa baharini wadogo kama punje ya chumvi. Ni wa ukoo mmoja na kamba na kaa, huelea na maji, na samaki wachanga wengi huwategemea kwa chakula. Utafiti wangu wa shahada ulikuwa kufuatilia wanavyozaliana na kukua. Dada yangu alikuwa mbali na ana mtoto mchanga, kwa hiyo nikaenda mimi. Msimamizi wangu alikubali kwa shingo upande nipande milimani na chupa kumi na mbili za wanyama hao, madumu ya maji ya bahari na hadubini moja ndogo.

Mama alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta hadi juu ya goti. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akauliza ndani ya chupa mna nini. Nikamwambia ni wadudu wa chuo. Akachungulia, akaona vinukta vinarukaruka, akavipa jina hapohapo: viroboto.

Ulikuwa mwezi wa saba, na kijijini kwetu Mgwashi mwezi huo ukungu hauondoki hadi saa nne. Kule pwani kiroboto mmoja hutoka kwenye yai, hujivua gamba mara kumi na moja na kuwa mzima aliyekomaa ndani ya wiki mbili hivi. Nyumbani wiki mbili zilipita na wengi walikuwa bado watoto, hata nusu ya safari hawajafika. Kila asubuhi nilichukua tone la maji, nikahesabu, nikaandika. Kisha nilimpigia msimamizi simu na kulalamika kuwa baridi itaniharibia kazi. Mama alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno.

Siku moja nilishuka shambani kuchuma maharage. Niliporudi, chupa tatu hazikuwa mezani. Zilikuwa jikoni, zimepangwa karibu na mafiga, na maji yake yalikuwa ya moto mkononi. Mama alikuwa amezihamisha mojamoja, amezifunga kifuani kwa khanga, huku akitembea kwa magongo. Niliweka tone chini ya hadubini. Hakuna aliyesogea.

"Mama, hii ni kazi yangu ya miaka miwili," nilimwambia.

Aliniacha nimalize kumwaga zile chupa, ndipo akasema, "Ulisema baridi inawaua. Mimi nimekusaidia kwa nilichosikia. Kingine hujaniambia."

Ilikuwa kweli. Tangu nifike nilikuwa nimemjibu kwa vipande, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Kesho yake asubuhi nilisogeza meza hadi kitandani kwake na kumwekea hadubini. Ilimchukua muda kujua afumbe jicho lipi. Kisha akatulia. Nilikuwa nimemtafutia jike mwenye mayai, mmoja wa wale wachache waliokuja kutoka Tanga wakiwa wazima. Jike wa aina ile hubeba mayai yake kwenye vifuko viwili, kimoja kila upande wa mkia, na huogelea navyo hadi yaanguliwe. Nilimweleza kwamba watoto hawafanani na mama yao hata kidogo. Huanza wakiwa kama tone lenye miguu sita, na umbo hubadilika kadiri wanavyojivua gamba.

Mama alihesabu mayai kwa Kishambaa, polepole. Akapata ishirini na mawili. Mimi nilikuwa nimeandika kumi na tisa. Tukarudia wote wawili, na yalikuwa ishirini na mawili.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyehesabu mayai na kuyaandika kwenye daftari langu. Hakuwa na la kufanya kitandani, na macho yake, kwa vitu vya karibu, yalihitaji tu kurekebisha lenzi. Mimi nilipima urefu. Katika wiki ya sita watoto wale waliochelewa walikuwa wazima, na kila niliyempima alikuwa mkubwa kuliko wale wa Tanga. Nilidhani nimekosea kipimo. Nilipompigia msimamizi, alisema nisithubutu kuwarudisha pwani kabla sijapima mia. Baridi huwachelewesha, alisema, lakini wakichelewa hupata muda wa kujenga mwili.

Sura niliyoandika juu ya baridi ile ndiyo iliyobeba tasnifu yangu. Siku ya utetezi, mmoja wa watahini alifungua daftari na kuuliza mwandiko wa pili ni wa nani. Nilisema ni wa mama yangu, mkulima. Akauliza alifundishwa na nani kuhesabu, nami nikakiri kwamba makosa mengi yaliyosahihishwa mle ndani yalikuwa yangu.

Mama sasa anatembea, anachechemea kidogo wakati wa mvua. Chupa mbili nilirudi nazo Tanga. Kizazi kilichofuata kilikomaa haraka kama zamani, na miili ikawa midogo tena. Nilipomweleza kwa simu, alitaka kujua mayai ni mangapi.