Mchunga wa Kobe

Leo nilipopita mtaa wa Dengfeng, huku kwa Wachina, kwenye kibaraza cha ghorofa moja palikuwa pameanikwa majani, na harufu ile chungu ya mchunga uliokauka nusu ikanisimamisha.

Utotoni tuliishi mtaa huu. Baba alipofariki, mimi na mama tulibaki na chumba kimoja, na kobe mdogo ambaye baba alikuwa amenipa. Baridi ilikuwa inakaribia. Nilichuma mchunga wa akiba ya kobe kando ya reli, nikauosha, nikautandaza kwenye magazeti kitandani, upande aliokuwa akilala baba. Mama hakunikataza. Ulipokauka, alikaa nami sakafuni tukaufunga mafungu na kuyatia kwenye mfuko wa kitambaa.

“Yatamtosha mpaka joto lirudi?” nikamuuliza.

“Yatamtosha, mwanangu.”

Kesho yake mwenye nyumba, mama wa Kichina tuliyemwita Ayi, yaani shangazi, alikuja kumchukua kobe. Ndipo nilipojua kwamba sisi tunarudi kwetu na kobe anabaki. Mama alimweleza kwa Kichina chake cha sokoni: kidogo kidogo, kila asubuhi. Alirudia, akarudia tena, huku ameukumbatia ule mfuko, hadi Ayi akamshika mikono na kuutoa taratibu.