Unakulaka Wapi

Katika miaka ya uasi, wakati mashua zilipoacha kupanda mto na mji wetu wa Kisangani ukabaki ukijilisha wenyewe, mwili wa mtu uligeuka kuwa ushahidi. Tulikonda sote, na aliyechelewa kukonda alidaiwa maelezo.

Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa mshonaji. Alirithi umbo la bibi mzaa baba: mabega mapana, kiuno kinene, mashavu yaliyojaa. Alikula tulichokula wote, lituma ya ndizi zilizopondwa na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta, tena mara moja kwa siku. Lakini mwili wake haukutaka kusikia habari za vita.

Siku moja alisimamisha toleka, baiskeli ya abiria. Kijana mwenye baiskeli aliinama, akaibonyeza tairi, akatikisa kichwa mbele ya watu.

“Mama, pneu yangu iko ya zamani. Na hii vita yote, weye unakulaka wapi?”

Wapita njia walicheka. Yaya alirudi nyumbani kwa miguu.

Kiswahili chetu cha Kisangani kina silabi moja, -ka, ambayo ikishikamana na kitenzi hugeuza tendo kuwa mazoea. “Unakula wapi” lingekuwa swali tu. “Unakulaka wapi” ilikuwa hukumu: iko meza uliyoizoea, nasi tunajua ni ya nani. Katika mji uliojaa askari wa kigeni, hapakuwa na haja ya kumtaja mwenye meza. Wateja walianza kupungua. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa cha harusi ya bintiye kikiwa kimekatwa tayari, akisema atakimalizia mwenyewe. Hakuwa na cherehani.

Ndipo yaya alipokwenda kwa mama mmoja mwenye ligablo, kibanda cha mbao kando ya soko la Tshopo. Alituona tukikua, tukamwita tantine, yaani shangazi. Aliuza sabuni, chumvi, na dawa zilizoshuka na ndege pale uwanjani Simi-Simi. Alimshika yaya mkono kwa huruma.

“Mwanangu, watu iko na mudomo mubaya. Kunywa hii. Mafuta inayeyuka yenyewe. Utakonda, watanyamaza.”

Vilikuwa vidonge vya rangi mbili ndani ya mfuko wa nailoni, bila boksi, bila karatasi, bila jina.

Sitadanganya: mwanzoni vilionekana kufanya kazi. Mashavu yalishuka, sketi ikahitaji pini, na yule kijana wa toleka akambeba bila neno. Yaya alijitazama kwenye kioo kama mtu aliyeachiliwa na mahakama. Lakini alikwenda chooni kila mara, midomo ilimkauka, usingizi ulimkimbia, na jasho lilimtoka akiwa ameketi. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mwanamke aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja sasa alinililia nimtungie. Alasiri moja alianguka juu ya cherehani, mguu wake ukiwa bado kwenye pedali. Niliweka vidole shingoni mwake. Mapigo yalikimbia, yakasita, yakakimbia tena.

Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia katika chuo kikuu kilichofunguliwa na kufungwa kwa kufuata milio ya bunduki. Nilivipeleka vidonge kwa mwalimu wangu. Alikipasua kimoja juu ya karatasi, akakinusa, akaisukuma karatasi mbali.

“Siwezi kukuambia ni nini,” alisema. “Na hilo ndilo jibu.”

Alishuku kwamba ndani yake mlikuwa na kitu cha kukamua maji mwilini na kingine cha kuuendesha moyo. Maji, alinieleza, hurudi na vikombe vya kwanza vya kunywa. Kukauka si kukonda. Hata zile dawa ambazo kweli huongeza kidogo uchomaji wa mafuta huleta nafuu ndogo mno, na moyo ndio unaoigharamia, hasa moyo wa mtu asiyekula vizuri. “Aache leo,” alisema, “na mumpeleke akapimwe.”

Tulimpeleka, naye akaacha. Mashavu yalirudi upesi hata ikawa aibu. Mafuta hayakuwa yamekwenda popote. Mapigo ya moyo na mikono, hivyo havikurudi kama vilivyokuwa.

Nikamtafuta yule kijana wa toleka ili nimtukane. Alinisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

“Pardon, dada. Haikuwa yangu. Ni mama wa ligablo alitutangazia. Eti anamuonaka kambini, anakulaka na basoda.”

Askari, alimaanisha. Yaya hakuwahi kukanyaga kambini. Yule mama alikuwa amemuuzia dada yangu dawa ya uvumi aliousambaza yeye mwenyewe.

Sikulia. Nilichagua asubuhi ambayo soko hujaa, nikachukua vidonge vilivyobaki na kikombe cha maji, nikasimama mbele ya ligablo. Wanawake walikuwa wamepanga mstari.

“Tantine, kunywa kimoja. Mbele yetu.”

Alicheka, akiwatazama wateja wake. “Ah bon! Université imefunga, donc munakuja kufundisha soko?”

“Kimoja tu. Si iko dawa muzuri? Na weye ni munene kumushinda yaya wangu.”

Mstari uligeuka. Kiuno cha yule mama hakikuwa cha kufichika nyuma ya meza. Nilimsogezea kikombe hadi maji yakamwagikia sabuni zake.

“Toka hapa! Mimi hii sikunywaka! Niko na presha, moyo yangu haiwezi...”

Silabi ilikuwa imeshatoka. Hakusema kwamba leo hanywi. Alisema kwamba hajazoea kunywa, hakuwahi, na sababu aliijua. Mwanamke wa mbele alirudisha mfuko wake wa vidonge juu ya meza, taratibu. Nyuma yetu, yule kijana wa toleka, akiegemea baiskeli yake, aliuliza kwa sauti ya upole:

“Alors, mama, na weye unakulaka wapi?”

“Anakulaka kwetu,” nikajibu.

Soko lilicheka, na kicheko kile kilinishibisha kuliko chakula chochote cha miaka ile. Swali lilimfuata kisimani, kanisani, hata kwa watoto waliotumwa chumvi. Haukupita muda alifunga ligablo, akapanda treni ya Ubundu. Watu wema wameniambia kwamba amezeeka, kwamba ingefaa nimsahau. Huwa nawasikiliza kwa adabu.

Juzi binti wa yaya alinionyesha kwenye simu chupa nzuri ya dawa ya kukonda, yenye picha ya moto na kiuno chembamba. Kabla sijaanza mhadhara wangu, yaya, mnene kama bibi yetu, aliinua uso kutoka kwenye cherehani.

“Muulize huyo muuzaji,” alisema. “Yeye anakunywaka?”

Kisha akajaribu kutunga uzi. Ulikataa mara ya kwanza, ukakataa tena. Nikaitazama mikono yake, nikamkumbuka yule mama, na sikumsamehe.